Bakuli la Alama Nyekundu

Phayao, baada ya mavuno

Mdogo wangu Fongchan,

Sisi hatujambo. Bata wanataga, na paa la jiko halivuji tena.

Juzi alitujia mgeni kutoka Bangkok, wa ule mfuko wa wafadhili unaokisaidia kikundi chetu cha wenye virusi vya UKIMWI mwaka wa kumi na nane huu. Tukampikia supu ya tambi. Alipoongezewa mara ya pili, akauliza kwa upole, "Na wagonjwa nitawaona saa ngapi?"

Bibi Bualoy akaangua kicheko. "Mwanangu, aliyekupikia, aliyekupakulia na mimi ninayekukodolea macho, ndio sisi hao!"

Kijiko kikamsimama mkononi. Jicho lile la woga nalijua, nilishaliona humu humu nyumbani. Lakini yeye aliinua bakuli, akanywa mchuzi mpaka tone la mwisho.

Kisha akatuambia kwa aibu kwamba mwakani fedha zitapelekwa kwa walio na hali mbaya kuliko sisi.

"Wapelekee," nikamwambia. "Nasi tulikuwa hivyo. Dawa tunapewa hospitali, na mafuta ya pikipiki ya kuwatembelea wenzetu yatatoka kwenye supu hii."

Tumeshaanza kuuza, Fongchan. Jana foleni ilifika barabarani, na mama mkwe wako alikuwemo!

Bakuli alilonywea mgeni ni lile ulilolitia alama ya rangi nyekundu mwaka ule nilipougua, lisije likachanganyika na yenu. Sikulitupa. Njoo sikukuu ya kumwagiana maji, nitakupakulia humo humo.

Dada yako, mzima,
Kamnoi