Goti Halikuuma

Goma, 12 Mei 2023

Mwanangu Benny,

Habari za Liège? Baridi imepungua? Mimi ni mzima, na goti la kulia ulilonilipia ni zima kuliko mimi. Mwaka umetimia tangu upasuaji. Docteur alilikunja, akalinyoosha, akasema chuma alichonitia humo kitadumu miaka kumi na tano, hata ishirini. Nikamwambia, "Docteur, basi litanizika." Sasa naenda sokoni bila fimbo. Aurélie, mtoto wa dada yako aliyekuwa ananihudumia, aliponiona hivyo akarudi kwao Butembo. Jirani yetu Nyiramahirwe naye haniletei tena maji. Si wabaya, wanaona nimepona. Utakuja lini?

Mama yako


Liège, 2 Juni 2023

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi sana! Video yako ukipanda ngazi nimewaonyesha wote kazini. Nitakuja kazi ikipungua. Umeshapona, hakuna haraka.

Mwanao Benny


Goma, 8 Novemba 2023

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti limeanza tena, nachechemea. Nyiramahirwe ameleta maji, tukala samaki wadogo wa sambaza pamoja hadi jioni. Aurélie naye amekuja. Usihangaike, lakini ukipata nafasi...

Mama yako


Liège, 1 Desemba 2023

Mama,

Pole. Niliogopa mno, nikampigia docteur. Anasema picha ni safi, chuma hakijalegea hata kidogo. Halafu Aurélie akaniambia unachechemea mguu wa kushoto. Mama! Ulipasuliwa wa kulia! Nilicheka ndani ya treni, kisha nikalia. Unaniuliza nitakuja lini, nami nakujibu habari za goti. Nakuja Jumatatu ya Pasaka, nitapitia Kigali. Nisubiri mpakani.

Mwanao Benny


Goma, 2 Aprili 2024

Mwanangu,

U hali gani? Jana nilivaa kitenge kipya, nikaenda mpakani kwa miguu. Nilisimama tangu asubuhi hadi walipofunga. Askari mmoja alisema, "Mama, ikala kidogo, utachoka." Nikamwambia sichoki, nina goti la chuma, namngoja mutoto wangu.

Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani kwenye chaji. Ujumbe wako kwamba kazini wamekukatalia likizo nimeusoma usiku. Nilikasirika, nisikufiche. Lakini kazi ni kazi, nimeelewa.

Nilirudi kwa miguu, peke yangu. Goti halikuuma.

Mama yako