Mvumo Nyuma ya Mashuka

Chumba cha pasi, uani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mwanangu Machomanne,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba na umevaa soksi, maana baridi ya huko kwenu haina adabu. Sisi huku hatujambo. Mgongo wangu hulalamika asubuhi, ukishapata chai unanyamaza. Baba yako mdogo yupo, anazidi kupungua nywele na kuongeza maneno. Je, kifua chako kimepona? Na mwenye nyumba wako, bado anakununia?

Kifurushi cha vitabu kilifika salama, pamoja na mswada wako uliofungwa kwa mpira. Uliniomba nisome kwanza hivi vya kutisha vya siku hizi, kisha chako, nikueleze ukweli bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kabla hujamkabidhi mchapishaji. Ukasema nikiona hakifai utakitupa. Umenitwisha mzigo, mwanangu. Nimevisoma Jumapili baada ya Jumapili, duka letu la dobi likiwa limefungwa, harufu ya mvuke wa jana ikiwa bado imebaki ukutani, saa zile ambazo mtu hajui kama anasoma au amesinzia.

Kile chenye jalada jekundu kimenichosha. Jitu linatokea ukurasa wa kwanza, na damu inamwagika kama bomba limepasuka. Kufika katikati nilikuwa nawaza zile nguo tu: nani atazifua, na kwa sabuni gani? Na watu wake ni wapumbavu jamani. Wanasikia kishindo darini, taa zimekatika, nao hao wanapanda kwenda kuchungulia mmoja mmoja. Nilipiga miayo hadi taya likalia.

Cha nyumba yenye dirisha lililozidi nilikipenda. Mama wa watu anahesabu madirisha akiwa ndani, akitoka nje anakuta moja zaidi. Basi, hakuna kingine. Nilikilaza mezani kifudifudi nikaenda kuyatazama madirisha yetu, huku najicheka. Baba yako mdogo alijidai vitabu havimtishi, akakichukua. Tangu hapo haendi bafuni mpaka nisimame mlangoni nikimsimulia bei ya nyanya. Ila mwisho wamekiharibu. Anatokea daktari, anaeleza kila kitu. Mwandishi kawasha taa kabla sijalizoea giza.

Cha ndoto ndani ya ndoto sitaki hata kukisema. Kila nikishikwa na hofu, mtu anazinduka kitandani. Mara ya kwanza nilisamehe, mara ya pili nikakirudisha kwenye kifurushi.

Sasa chako. Niliiona kazi yetu ndani yake: ua wenye kamba, mashuka meupe ya nyumba ya wageni, meza ndefu ya pasi. Na kile kiumbe kisichoonekana, kinachopita katikati ya mashuka kikivuma puani, sauti ndogo ya kupanda halafu kushuka. Binti amejificha chini ya meza, anajiziba masikio kwa pamba. Baba anapigilia misumari mlangoni. Mvumo unaizunguka nyumba, kisha unakwenda zake. Mwanangu, niliogopa kweli. Katika vyote ulivyonitumia hakuna kinachokifikia chako. Halafu nikalia, ikabidi nikae nje kwa muda.

Maana mvumo ule naujua. Ni wa mama yako.

Nadhani hukuwahi kuambiwa ulianzaje, nawe hujamtaja dada yangu tangu tulipomzika, kwa hiyo sikupata pa kuanzia. Kabla hujazaliwa, siku moja aliibuka ghafla kati ya mashuka nami napiga pasi. Nilishtuka, pasi ikaniponyoka, ikatua kifuani mwa shati la harusi la mteja. Tulicheka hadi tukakaa chini, ndipo tukakumbuka kwamba mteja anakuja jioni. Tangu hapo hakupita nyuma ya nguo bila kuvuma. Nilipomtania kuwa amegeuka nyuki, alinijibu, "Nawajulisha ni mimi, msije mkaogopa."

Nawe umeuchukua uleule, uliowekwa ili watu wasiogope, ukawatisha nao. Sikukasirika. Ulikuwa mdogo alipoanza kuugua akaacha kuja uani, na labda ulichobaki nacho ni sauti tu, bila sababu yake.

Tena umeandika nusu. Yeye alikuwa akianza, na aliyekuwa upande wa pili akimalizia, kwa kushuka halafu kupanda, ajue amesikika. Mimi nilimwitikia. Baba yako mdogo alimwitikia, ingawa sauti yake ni ya mlango usiotiwa mafuta. Na wewe, kabla hujajua kutamka mama, ulimwitikia ukiwa ndani ya kapu la nguo. Alikuwa akiacha kazi, anasimama nyuma ya shuka, anavuma ili tu akusikie.

Basi maoni yangu ya kweli ni haya. Usikitupe. Misumari ibaki, giza libaki, na usilete daktari wa kueleza. Lakini yule binti atoe pamba masikioni, aitikie mara moja tu kabla mvumo haujaondoka. Wasomaji wako wataogopa vilevile, pengine zaidi. Nusu ya pili siwezi kuiandika kwenye karatasi. Nipigie simu nikuvumie, nawe uivume nikusikie.

Juzi nikianika nilijikuta nimeanza nusu ile ya kwake, nikanyamaza. Upepo uliyasogeza mashuka kidogo, jua likapita ndani yake. Nikasimama pale na vibanio mdomoni, nangoja. Aibu gani, mtu mzima na akili zangu.

Baba yako mdogo anakusalimu, na fundi cherehani wa jirani pia. Mdogo wako Kishindo anakusalimu sana na amekiomba kile chekundu, kwa sababu tu nimekisema vibaya. Mungu akulinde ukilala na ukiandika, na akufungulie njia ya kurudi nyumbani.

Anayekupenda, na anayekungoja upande wa pili wa mashuka,
Mama yako mdogo.