Sauti Niliyompa Daktari

Jumamosi

Nimeharibu mwenyewe. Mimi, mtafsiri wa filamu ninayejulikana Bagara mpaka Singe, leo kwenye banda la video nimempa daktari wa kwenye filamu sauti nzito ya kukwaruza, ile ninayowapa wabaya, tangu alipotokea. Na filamu nzima watu wanamtafuta muuaji!

Mama Neema, mteja wetu wa kila siku, akasimama: "Baba Juni, si ndiye huyo daktari? Umeshamtaja kwa koo lako!"

Watu wakacheka, wakatoka. Mwenye banda hakucheka. Kesho nikirudia, maiki atampa mwingine.

Naogopa, nikubali tu. Siri nikishaijua, inanitoka. Basi filamu ya kesho siitazami kwanza. Kiingereza changu kinajikongoja, lakini poa. Mama Neema nitamwekea kiti cha mbele, tushtuke pamoja.