Viini Vinane Nilivyomlisha Fisi

Kaka Brayo,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata kwenye maombi. Stima haikupotea siku ile. Faili haikuharibika. Kiwanda chetu nilikizima mimi mwenyewe, saa tisa alasiri, mvua ikipiga mabati, nikiwa nimeshiba na akili zangu zote ziko timamu.

Nilikudanganya. Naanza na hilo ili usije ukasema nimekuandikia kukulaumu huku nimejificha. Nitakulaumu, lakini ngoja kwanza.

Unakumbuka ulivyoileta kompyuta ile? Uliibeba begani kutoka kwa fundi uliyekuwa ukimsaidia mjini, skrini ikiwa na mstari wa zambarau katikati, na Baba akauliza kama ni televisheni. Ukamwambia ni ya masomo ya chuo. Likizo hiyo ya Agosti ukaniwekea mchezo wa kiwanda: mtu mmoja ametua kwenye sayari tupu na sururu mkononi, achimbe chuma, akiyeyushe, atengeneze mikanda ya kusafirishia mizigo, kisha mashine, kisha mashine za kutengeneza mashine. Nilikuwa kidato cha kwanza. Sikuwa na marafiki wengi, na bado sina. Lakini nilikuwa na kiti changu cha plastiki kando yako, nawe ulikuwa ukiniuliza, "Prof, tuweke tanuru wapi?" na kweli ukaliweka mahali niliposema. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza kitu kisha akafanya nilivyojibu.

Halafu tukampata Fisi. Jina lake kwenye mchezo lilikuwa refu, mashine ya kurejeleza vitu vilivyotengenezwa, na maelezo yake yalikuwa sentensi moja tu: inarudisha sehemu ya vitu vilivyotumika. Sehemu gani? Ya vitu vipi? Hawakusema. Tuliweka gurudumu la chuma, tukapata chuma. Tukaweka bati lililotoka kwenye tanuru, tukidhani litarudi kuwa mawe, likatoka bati vilevile, ila pungufu. Betri zilirudisha shaba lakini asidi ikapotelea tumboni. Ukasema huyu si mashine, huyu ni fisi, anameza hadi kwato na hujui atakutapikia nini.

Ndipo tukaanzisha daftari. Lilikuwa langu la Kemia, nililigeuza nikaanza kutoka nyuma. Sheria tulitunga pamoja: kila kitu kiingie kumi, mara tatu, na hakiandikwi mpaka wote wawili tumeona kwa macho.

"Andika. Mikanda kumi imeingia."

"Imetoka nini?"

"Chuma tatu. Tatu! Prof, huyu Fisi ni mwizi wa mchana."

"Rudia."

"Nirudie nini na umeona?"

"Mara tatu, Brayo. Tulikubaliana."

"Wee, unataka kunipeleka maabara? Haya, madam. Nalisha tena."

Ulilalamika lakini ulirudia. Chini ya kila mstari ukaandika "Imejaribiwa" na herufi B yenye mkia. Mama alikuwa akishona sare za shule pale dirishani, akasema hajawahi kuona watu wawili wanagombania takataka kwa furaha hivyo.

Shule zilipofunguliwa nikawa nakuacha na kompyuta. Nikirudi jioni nakuta umeongeza mistari kwenye daftari, mitano, sita, yote imejaribiwa. Nilifurahi. Sikujiuliza mwanafunzi wa chuo anashindaje nyumbani Jumanne mchana kutwa. Mama alipouliza ulimwambia ni wiki ya kusoma, na mimi nikaitikia, "Ndiyo Mama, ni wiki ya kusoma," kama mtu aliyeiona kwenye ratiba.

Januari Baba alitoka Elburgon, kule anakofanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, akapitia chuoni kwenu kabla ya kuja nyumbani. Aliambiwa hujaonekana darasani tangu Mei. Nilikuwa chumbani na niliwasikia.

"Ulikuwa unaenda wapi kila asubuhi, Brian?"

Nilisikia ukisogeza kiti.

"Si nakuuliza wewe?"

"Nilikuwa natafuta njia yangu, Baba."

"Basi ifuate."

Ukaifuata mpaka Naivasha. Naivasha, Kaka! Watu wanakaa Naivasha na kufanya kazi hapa kwetu Nakuru, wanarudi nyumbani kula. Ungekuwa umevuka bahari ningekuelewa. Ulipata kazi kwenye shamba la maua, upande wa kupakia, na baada ya mwezi mmoja ukaniandikia kwenye barua pepe kwa sababu ulijua ni mimi tu ninayeisoma. Ulinipa namba yako mpya: "Ya dharura tu. Baba akiipata, natupa laini. Usimpe hata Mama." Na chini yake: "Chunga kiwanda. Nikirudi nataka nikikute kinanguruma."

Nilikichunga. Nilichukua maneno yako kwa uzito kuliko ulivyoyaandika.

Umeme wote wa kiwanda ulitoka kwenye vile viini vinane, unavikumbuka. Vilitengenezwa kwa madini ya buluu, na madini hayo tuliyachimba yakaisha kabisa kwenye ramani yetu. Kufika Aprili nikawa nimefungua aina mpya ya kiini, kinachotoa nguvu mara nne na kuhitaji nusu tu ya madini. Nilikaa siku mbili nikipiga hesabu. Kwenye daftari, kwa mwandiko wako, ilikuwa imeandikwa hivi: "Kiini. Robo inarudi, pamoja na madini ya buluu. Imejaribiwa mara tatu. B." Nikaona, nikimlisha Fisi vile vinane vya zamani, robo itakayorudi itanitosha kutengeneza vinne vipya, na vinne vipya vitazidi vinane vya zamani kwa mbali. Ukija utakuta kiwanda kimepita vile ulivyokiacha. Nilikuwa nimeshafikiria mpaka uso wako utakavyokuwa.

Nikavitoa vyote vinane. Nikamlisha.

Chuma kilirudi kidogo. Shaba ilirudi kidogo. Madini ya buluu hayakurudi hata chembe. Taa za kiwanda zikaanza kufifia kutoka upande wa migodi, mikanda ikapunguza mwendo, ikasimama na mizigo juu yake. Nilibaki nimeshika kipanya bila kufanya lolote, na nikiwa bado nimeduwaa nikaona kile kiduara kidogo pembeni kikizunguka. Mchezo ulikuwa unajihifadhi wenyewe. Tulikuwa na nafasi moja tu ya kuhifadhi kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa, na hiyo moja ikaandikwa upya, kiwanda kikiwa kimeshazimika.

Nililia siku mbili. Mama alidhani ni meno.

Nikakuandikia kwamba stima ilipotea na faili ikaharibika. Niliogopa utaniona mjinga, wewe uliyekuwa ukiniita Prof. Ukajibu baada ya siku nne: "Pole. Lakini si ni game tu? Soma vitabu." Maneno manane. Niliyasoma nikajiambia ni sawa, kosa ni langu, ni mimi niliyekosea mahali fulani katika hesabu. Nilizirudia zile hesabu mwezi mzima, Kaka. Nilizifanya hata nyuma ya karatasi ya mtihani wa Jiografia, na mwalimu akaandika swali kwa wino mwekundu: "Hii ni nini?"

Sasa nakuja kwenye lawama.

Likizo hii nilifungua ule ulimwengu wetu uliozimika. Kuna ukurasa ambao hatukuwahi kuujali, unaoonyesha kila kitu kilichotengenezwa na kila kitu kilichotumika tangu siku ya kwanza. Niliutafuta mstari wa viini. Vilivyotengenezwa tangu mwanzo: vinane. Vilivyoingia kwa Fisi: vinane, na vyote ni vile nilivyomlisha mimi.

Nilihesabu tena kwa kidole juu ya skrini, kama mtoto wa chekechea. Hukuwahi kumlisha Fisi hata kiini kimoja. Ulikaa kwenye kile kiti, ukaandika robo, ukaandika mara tatu, ukatia sahihi. Nikaenda kwenye mistari mingine uliyoongeza nikiwa shule. Redio: hakuna iliyoingia. Mabomba ya mvuke: hakuna. Ulizijaza kurasa mbili kutoka kichwani.

Nimejaribu kukutetea. Nimesema labda ulijua ninavyopenda kurudi na kukuta daftari limeongezeka, ukataka kunifurahisha. Labda ni kweli. Lakini ni wewe pia uliyekuwa ukituambia asubuhi kwamba unaenda darasani, huku viatu umepiga rangi. Hungeniambia tu, "Hii sijajaribu"? Maneno mawili. Ningekuwa na viini vyangu vinane na kiwanda kinanguruma.

Na kinachoniuma zaidi si kiwanda. Mwaka jana uliandika: "Mwambie Mama Disemba lazima." Nikamwambia. Mama akaanika blanketi lako juani, akapika chapati, akakuwekea nne kwenye hotpoti. Zilikaa mpaka tarehe ishirini na saba. Jioni ya Krismasi nilimwona Baba akienda getini mara mbili, akijifanya anatafuta paka. Hatuna paka. Januari ukaandika kwamba kazi ilikuwa nyingi, maua ya siku ya wapendanao ya Februari. Nikamfikishia Mama.

Leo asubuhi umeandika tena. "Disemba hii lazima. Mwambie Mama." Nilimkuta akitia pindo kwenye sketi.

"Brayo ameandika?"

"Ndiyo, Mama."

"Amesema nini?"

"Disemba atakuja."

Akasimamisha cherehani. "Una uhakika, mama?"

Nikasema nina uhakika.

Akatabasamu, akaanza kuuliza kama blanketi litafaa kufuliwa Jumamosi au tungoje mvua ipungue, na mimi nikaenda chooni nikajifungia. Kwa sababu sikuwa na uhakika wowote. Nilikuwa nimempa Mama maneno yako vilevile ulivyonipa ule mstari wa kiini, na jina langu nimelitia chini. Atakapotandika kile kitanda na usije, hatakaa akiuliza Brayo amefanya nini. Ataniangalia mimi.

Sijui unaishi vipi huko. Sijui kama unakula vizuri, kama unaogopa Baba kweli au ni uvivu wa kupanda gari. Nakukosa kuliko ninavyokuchukia, na hilo nalo linanikasirisha. Lakini sitaki tena kuwa mtu wa kubeba maneno yako kati ya nyumba mbili.

Nilipofika hapa niliweka kalamu chini, nikang'oa kipande cha karatasi, nikaandika namba yako. Nikaenda mbele. Mama alikuwa bado kwenye cherehani.

"Mama, nilikudanganya. Sina uhakika kama Brayo atakuja. Hii ni namba yake. Muulize mwenyewe."

Aliangalia karatasi. "Umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu alipoenda."

Nilidhani atanipiga au atalia. Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. "Nisomee polepole," akasema. Nikamsomea, naye akabonyeza tarakimu moja moja. Simu ikaita mara tatu, mara nne. Nilisikia sauti yako ikisema "Hallo, nani?" kama unavyojibu watu usiowajua, na Mama akasema, "Ni mimi niliyekuzaa," akatoka nayo nje, akafunga mlango nyuma yake, akaenda mpaka kwenye tangi la maji.

Huenda umeshaitupa laini. Kama umeitupa, basi umeitupa ukijua ni Mama unayemkimbia. Mimi niliketi kwenye kiti cha Mama, nikamalizia ule upindo wa sketi, nikaupinda vibaya, nikaufumua, nikaushona tena. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Hakuniambia mlichozungumza, nami sikumuuliza.

Kaa salama huko.

Dada yako mdogo,
Nekesa