Tumesaga Mbegu ya Ulezi

Jumatano. Joto tangu alfajiri, na moyo wangu mzito.

Zaina amekataa uji tena. Ni unga ule ule wa njano wa msaada tunaogawiwa hapa kijijini. Nauchemsha mpaka mkono unachoka, bado unanuka gunia. Akionja anageuza uso; nikimlazimisha anatapika. Ana miaka miwili, na miguu yake imekuwa kama ya kifaranga.

Jana nesi wa zahanati alimpima, akaniambia, "Mama Zaina, mtafutie ulezi. Uji mwepesi, utamu kidogo tu, kila asubuhi."

Nikaitikia kama mtu aliyeagizwa chumvi.

Nitautoa wapi? Duka la kijiji lina viberiti na sabuni tu. Sukari hatujaiona tangu serikali ituhamishie hapa kijijini kando ya barabara. Mume wangu yuko Ngombezi anakata mkonge, na huko nako wanakula unga huu huu.

Lakini ulezi ulikuwemo nyumbani, nami nilijua.

Mama mkwe ana kibuyu cha mbegu, kinaning'inia juu ya meko. Ni mbegu ya kwao Lutindi, kule milimani tulikohamishwa. Siku ya kuhama watu walipakia vitanda na kuku kwenye lori. Yeye alikipakata kibuyu njia nzima. Sikuthubutu kumwomba. Jana nilipita kwa majirani wote na bakuli, nikarudi nalo tupu, naye akanitazama tu.

Leo asubuhi nimemkuta amekishusha. Amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, anasaga.

"Shikamoo mama. Hiyo si mbegu?"

"Marahaba. Ndiyo mbegu. Lete ile ndizi iliyoiva."

Nikapika, ndizi nikaiponda humo humo ili uji upate utamu kidogo. Zaina akanywa, polepole, kijiko kwa kijiko, mpaka akalamba midomo. Hakutapika. Mama mkwe alikataa kuonja. Alisema hana njaa.

Nilitaka kufurahi. Kisha nikachungulia kibuyuni. Kilichobaki hakimtoshi mtoto, wala hakitoshi shamba.

Alasiri mawingu meusi yamepanda kutoka milimani. Majirani wametoka nje, wanawake wanapiga vigelegele, wanaume wanatafuta majembe. Mvua hii nimeiomba katika kila sala tangu mahindi yakauke.

Nimeingia ndani nikafunga mlango; sisi mbegu tumeisaga.

Sasa inanyesha, kubwa, ya kupandia kweli. Mama mkwe amekuja kukaa karibu yangu. Ameniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, kilichobaki tupande?"

Zaina amelala mgongoni kwangu, na kwa mara ya kwanza wiki hii hajalia.

Asubuhi nitapika uji wa ulezi.