Mjomba, Duka Lako Limehesabiwa Uzoefu

Mjomba,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitarudi, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia.

Nimepata kazi. Afisa mauzo wa matangi ya maji, Masasi hadi Newala. Majaribio miezi mitatu, lengo matangi thelathini.

Nikwambie ukweli, nilikuwa na kinyongo na wewe. Likizo zote za chuo wenzangu walikuwa kwenye ofisi zenye feni wakijifunza kazi, mimi nashinda dukani kwako Kitangari nauza sabuni na ndoo. Ulipofariki nilikulilia, kisha nikaandika wasifu wangu na duka lako nikaliacha nje. Niliona aibu. Nikaomba kazi kumi na moja, wote wakasema sina uzoefu.

Ya kumi na mbili nikaliandika. Bwana wa usaili akacheka. "Dada, dukani mteja anakuja mwenyewe, keshaamua. Hayo siyo mauzo."

Kidogo nikubaliane naye. Halafu nikamkumbuka Mama Salumu, siku ile alipotaka ndoo, wewe ukaanza kumuuliza anateka wapi, mlima ukoje, nani anabeba. Akakutania, "Baba Hadija, unauza ndoo au unasikiliza kesi?" Ukacheka, ukaendelea kuuliza. Kumbe anateka bondeni. Ndoo ingefika juu nusu. Akaondoka na madumu mawili ya mfuniko, ya kufunga kwenye baiskeli.

Nikamweleza yule bwana. Nikamwambia kiangazi kile watu walikuja wakitaka ndoo, tukauza ndoo saba na madumu arobaini na moja. "Sasa nani alikuwa keshaamua?"

Akaacha kucheka, akachukua kalamu.

Kusema haki, naye alikuwa na lake. Kumfuata mtu nyumbani kwake, hajaniita wala hajui jina langu, hilo sijawahi, nitajifunza. Lakini kuuliza kabla ya kuuza ninako, na nimejifunza kwako. Mimi nilidhani unanichelewesha, Mjomba. Asante. Ningekwambia ukiwa hai, lakini nilikuwa nimenuna.

Jumatatu naanzia Chiwata. Nakuahidi nitauliza kwanza nyumba imeezekwa bati au nyasi. Mwenye paa la nyasi, lisiloweza kukusanya maji ya mvua, simuuzii tangi, hata kama ndilo la thelathini.

Kwaheri, Mjomba.

Mpwa wako