Warumi Nao Waliosha Majivu

Robanda, Serengeti
Jumapili, baada ya ibada

Baba Gati, mume wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu goti lako. Wewe unaniambia limepoa, shemeji ananiambia bado unapandishwa kwenye baiskeli, sasa sijui nimwamini nani. Mpe mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Na wale wadogo wanakula? Usiwape kiporo bila maziwa. Sisi huku tuko wazima. Jikoni kambini kazi ni nyingi kwa kuwa wageni wameanza kuja, na juzi tembo walimaliza mahindi ya mwenye nyumba wetu, ila sisi hatukuguswa.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu tukifika habari za Gati unakata. Barua huwezi kuikata. Ukichoka iweke pembeni, unywe maji, urudi uimalize.

Ni habari ya wale Warumi.

Najua ulivyosema. Ulisema Gati akienda chuo asome uhasibu, maana mhasibu hakosi kazi, na Warumi walishakufa, nani atamwajiri kwa ajili yao. Sikukubishia, kwa sababu wasiwasi huo hata mimi nilikuwa nao. Nimeishia darasa la nne, Warumi niliwajua wale walioandikiwa na Paulo, basi. Gati alipomaliza kidato cha sita na kuanza hilo somo lake la Warumi kwenye simu, nilijua ni matapeli. Somo la bure, mwalimu ni mama wa Kizungu yuko Ulaya, wanafunzi wametoka nchi sijui ngapi, na hakuna anayeomba hela? Siku tatu nilisimama nyuma yake na ufagio, nikimngoja huyo mama aombe namba ya siri. Hakuomba. Alikuwa anafundisha tu.

Meneja ametuachia tutumie intaneti pale wanapolia chakula wafanyakazi, baada ya vyombo vya mchana. Basi mimi nachambua mchele, Gati ananitafsiria. Kuna mji wao umepigwa picha wote, unasogeza kidole kama unatembea, unaingia nyumba hii unatokea ile. Kuna na mawe ya makaburi yao. Moja alinisomea, mama wa Kirumi amemzika binti yake, ameandika umri wa mtoto, miaka na miezi na siku. Niliacha mchele. Huyo mama alikuwa anahesabu siku za mtoto wake kama ninavyohesabu mimi za wangu.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita walifika kwenye somo la dhahabu. Warumi walikuwa wanachimba, Baba Gati. Walikusanya maji juu ya kilima, wakayafungulia yote kwa mara moja, kilima kikaporomoka, halafu ule mchanga ukapita na maji kwenye mifereji. Mzee mmoja wa Kirumi aliyaandika hayo, na Gati alikuwa anayasoma kwa Kiingereza. Akafika mahali anasema chini ya mfereji walilaza vichaka vigumu, vya kukwaruza. Mwalimu akauliza darasa, ni vya nini? Mmoja akasema vya kuzuia majani. Mwingine akasema vya kuzuia wezi wasiingize mkono. Gati naye hakujua. Nikashangaa, mtoto wa Nyangoto, aliyezaliwa kwenye machimbo ya dhahabu.

Nikamwambia, "Hilo ni gunia."

"Gunia gani tena, mama?"

Nikamkumbusha nilivyokuwa naosha mchanga wa dhahabu pale mwaloni yeye akiwa mgongoni. Ubao umeinama, gunia limetandikwa juu, unamwaga maji, mchanga unashuka, dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye nyuzi. Hao hawakuwa na gunia, wakatumia kichaka. "Na wakimaliza," nikamwambia, "wanakichoma, wanaosha majivu yake. Kama sisi na gunia likichakaa."

Gati akasogeza kidole akasoma mistari ya chini. Akairudia. Kisha akasema taratibu, "Mama, ndivyo alivyoandika huyo mzee. Walikausha, wakachoma, wakaosha majivu."

Baba Gati, mimi sijawahi kuwa sahihi mbele ya kitabu.

Akamwandikia mwalimu wake siku ile ile. Yule mama akajibu kwamba ameyasoma hayo maneno miaka mingi na hajawahi kuona mtu anayeijua hiyo kazi kwa mikono yake, akaomba Gati anirekodi nikionyesha. Basi Jumamosi iliyofuata nikaweka ubao nyuma ya nyumba, nikatandika gunia, nikachota mchanga wa korongo na ndoo tatu za maji.

Hapo nilikosea. Nilisahau niko Robanda, na huku jina langu ni Mama Nyangoto. Mwanamke wa Nyangoto akionekana anaosha mchanga kwenye gunia, nani atasema anacheza?

Ndoo ya pili haijaisha, watu wamejaa. Wamekuja na sururu, na makarai, mmoja koleo lake bado lina karatasi ya dukani. Jirani yangu muuza vitumbua karibu alie. Akasema, "Mama Nyangoto, chumvi tunaazimana, halafu dhahabu unaosha peke yako?" Nikiapa hakuna kitu, ndiyo kwanza wanazidi kuamini. Mara mtendaji wa kijiji huyo na pikipiki, ametokwa jasho, anataka kujua nani ameniruhusu kuchimba karibu na hifadhi. Niliiona kazi yangu inaondoka. Nikamwambia sichimbi, mzee, naonyesha walivyoosha Warumi.

Akatoa daftari. "Hao Warumi wamefikia kambi gani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Gati ndiye aliyetuokoa. Alimwamkia kwa adabu, akampa simu aone zile picha, kisha akawageukia watu akaanza kuwaeleza. Hakusoma popote. Aliwaambia habari ya maji na kilima na vichaka, kwa Kiswahili chepesi, na pale bibi mmoja alipokunja uso akamrudia kwa Kikurya. Nilitegemea watu wataondoka wakijua dhahabu hakuna. Wakakaa. Yule wa koleo jipya akauliza, "Na waliokuwa wanachimba, hiyo dhahabu ilibaki kwao?"

Gati akasema, "Haikubaki. Ilikwenda Roma. Kwao yalibaki mashimo, na yapo mpaka leo, nimeyaona kwenye picha."

Mwenye koleo akalilaza chini. Kisha maswali yakaanza, mpaka ng'ombe wakarudi. Mtendaji aliuliza matatu peke yake, na kwenye daftari hakuandika kitu.

Nilikuwa nimeloa mpaka magoti, namtazama Gati. Nimezaa watoto wanne nikiwaombea afya tu. Sikujua kwamba mmoja anaweza kuwakalisha chini watu waliokuja na sururu.

Sasa neno lenyewe. Maombi ya chuo yanafungwa Ijumaa. Ulisema asitume kitu mpaka ukubali, na yeye amekutii, fomu imekaa siku kumi uhasibu ukiwa wa kwanza. Jana nilimwambia aweke historia ya kwanza, uhasibu wa pili. Akabadilisha, halafu akashindwa kutuma. Akakutaja wewe, akasema, "Tata atakasirika." Nikamwuliza pa kubonyeza ni wapi. Akanionyesha. Nikabonyeza mimi.

Tangu unioe sijafanya jambo kubwa bila kukuuliza kwanza. Hili nimelifanya, na usiku nililala vizuri.

Nisalimie shemeji Marwa fundi, na dada yako Wankuru wa kwaya, mwambie kitenge chake nimekiona nitakileta. Mwalimu Robi jirani mwambie ahsante kwa kuwaangalia wadogo madaftari yao. Mama mwambie mjukuu wake anamtaja kila tukila.

Mimi mkeo anayekuwaza kila siku,

Mama Gati

Ukiwa na hasira nipigie mimi, usimpigie yeye. Na isiwe saa kumi, ana somo.